Nyama ya maabara ilivyomkuta mama anayeuliza "nani kachinja?" na dada asiyekula kilichochinjwa

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi, na nyie mnaosoma nyuzi za watu kimyakimya bila kuacha hata like, Mungu anawaona.

Ninachoandika hapa kimetokea sebuleni kwetu, mchana kweupe, mashahidi wamejaa. Sio chai. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana mama akijua yuko jukwaani nitarudishwa Dar ndani ya kontena la vigae.

Mods, naomba msiuhamishie huu uzi jukwaa la dini. Wala la mapishi. Uacheni hapahapa.

Kwa wasionijua: mimi bado niko shule. Naishi China, Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, na mama na dada yangu Nasra. Mzee yuko Dar dukani. Mama kazi yake ni kupika. Wabongo na Wakenya wakitoka kuzunguka maduka ya jumla Guangyuan Xilu, miguu imevimba na sauti imekauka kwa kubishana bei, wanakuja kwetu kula. Mlangoni hakuna kibao. Unapanda lifti, unafuata harufu ya pilau.

Sasa ndani ya nyumba inayonuka pilau tangu Jumatatu mpaka Jumapili, tukapata mtu asiyekula nyama.

Dada Nasra.

Na sio nyama tu. Maziwa hali. Mayai hali. Samli hali. Asali hali, wakuu. Asali! Nyuki wenyewe hawajawahi kulalamika, yeye anawalalamikia.

Ilianzaje? Dada amekulia huku, Kichina chake kimenyooka, Mchina akiongea naye kwenye simu hawezi kujua kama anaongea na mtoto wa Temeke. Kwa hiyo nusu ya wateja wa mama wanamtumia kama mkalimani. Iddi ya kuchinja mwaka jana wakamchukua wakaenda naye shamba moja huko nje ya mji kununua mbuzi. Wakamwambia, "Muulize aliyenona ni yupi." Akauliza. Muuzaji akamwambia achague mwenyewe. Akanyoosha kidole.

Muuzaji akampa kamba.

Anasema mbuzi hakuvuta, hakulia. Alimfuata taratibu kama mtoto anayepelekwa dukani. Mpaka pale penyewe.

Aliporudi akanawa mikono, akaingia chumbani. Mimi kwa akili zangu nikamwambia angalau mbuzi alikuwa na adabu. Hakuniongelesha wiki nzima. Huwa nasema jambo sahihi kwa wakati usio sahihi, ni kipaji.

Basi mama akaanza safari yake. Kwanza akadhani dada anaumwa. Halafu akadhani ni mapenzi. Halafu akaanza kuulizia watu wanaojua kusoma visomo. Vyote vilipogoma, akaingia kwenye mazungumzo ya kidiplomasia.

"Basi kula kuku."

"Mama, kuku ni nyama."

"Nani kakwambia? Nyama ni ng'ombe. Kuku ni kuku."

"Mama."

"Dagaa je? Dagaa hata damu hana!"

Wapishi wa kwetu mnaelewa. Mama alikuwa hatanii. Alikuwa anatafuta mpaka uko wapi ili asimame karibu nao iwezekanavyo.

Siku moja akapata ufumbuzi. Akapika pilau kwa supu ya mifupa kama kawaida yake, halafu akakaa pembeni na kijiko anatoa nyama moja moja, kwa uvumilivu ambao mimi sijawahi kuonyeshwa tangu nizaliwe. Akampelekea dada. "Kula mwanangu, sijaweka nyama."

Dada akala. Akasifia. Akaongeza. Sahani ya pili akakutana na gegedu.

Alilia, wakuu. Na mama naye akakasirika kweli, kwa sababu kwa upande wake yeye ndiye aliyedhulumiwa: "Nimekaa nachambua kama mchele, limebaki moja tu, ndiyo unilie hivyo?"

Kuanzia hapo dada akanunua kikaango chake na jiko lake dogo la umeme. Akawa anajipikia tofu ya soya, anakula chumbani. Mama akaacha kumwita chakula kikiiva. Ugomvi wa kelele haukuwepo, na hicho ndicho kilichonitisha. Nyumba moja, majiko mawili, salamu za kiserikali. "Umeamka?" "Nimeamka." "Haya."

Sasa mwaka huu dada akapata chuo. Sio hapa. Harbin, kaskazini kabisa, kule baridi inagandisha mate. Anaondoka Jumapili.

Na kwetu kuna utaratibu mmoja ambao mama hauvunji: mtu hasafiri mpaka ale sinia moja na anayemwacha. Hata wateja. Mtu begi limeshafungwa, teksi iko chini inapiga honi, mama anamwambia kaa ule matonge mawili ndiyo uende. Mizigo imeshawahi kuchelewa, watu wamekimbia airport wanatafuna. Hakuna aliyetoka mlango ule bila kula.

Wiki hiyo nikamsikia anamwambia Mzee Hamadi, mteja wake wa siku nyingi kutoka Unguja, "Watoto wa wenzangu wote nawalisha. Wangu ataondoka na tofu."

Alisema huku anacheka. Mzee Hamadi hakucheka. Na mimi, ambaye huwa nacheka misibani, sikucheka.

Nikaamua kuingilia kati. Hapo ndipo kila mtu mwenye busara angefunga huu uzi.

Kuna jamaa anaitwa Anko Shebe, mtu wa kago, anajaza makontena. Anko Shebe anamjua kila laoban mji huu, yaani kila bosi mwenye kitu cha kuuza. Mmoja wao ana kikampuni kinachotengeneza nyama maabara, akamwomba Anko apeleke sampuli kwa Waafrika aone kama wataila. Anko akawa anahadithia kwa wateja kama kichekesho.

Mimi masikio yakasimama.

Maana kabla hamjauliza: hii sio soya. Ni nyama kabisa. Wanachukua seli kidogo kwa ng'ombe, wanaziweka kwenye tangi, wanazilisha, zinakua zinakuwa nyama. Ng'ombe hachinjwi. Nikajiambia, tatizo limeisha! Mama anapata nyama kwenye sufuria, dada anapata roho safi, mimi napata sifa. Wazungu na Wachina wametumia akili zao zote kutatua ugomvi wa nyumba yetu bila wao kujua.

Nikamwambia Anko Shebe, "Lete Ijumaa. Mama anapika pilau ya kumuaga dada."

Ijumaa, watu wametoka kuswali, sebule imejaa. Kuna Mzee Hamadi kwenye mkeka. Kuna Brayo, Mkenya anayechukua jeans Xintang, Mkristo, ila Ijumaa hakosi maana ndiyo siku ya pilau. Anko Shebe akaingia na kiboksi cha barafu kakibeba kifua mbele kama mtu aliyeleta posa.

Akafungua. Kipande chenyewe saizi ya simu. Rangi yake imepauka, kama nyama iliyosikia habari mbaya.

Mama akakitazama. Akauliza swali lake, lile analomuuliza kila mtu anayemletea nyama mji huu, awe muuza bucha, awe jirani, awe baba mwenyewe akija kututembelea.

"Nani kachinja?"

Anko Shebe akatabasamu mpaka magego. "Hajachinja mtu, Mama Nasra! Ndiyo uzuri wake!"

Mama akaweka kisu chini.

"Shebe. Umeniletea mzoga nyumbani kwangu siku ya Ijumaa?"

Wakuu, hili sikulifikiria. Naapa. Mwaka mzima nimeishi na mtu asiyekula kwa sababu kuna aliyechinjwa, nikasahau kabisa kwamba nimezaliwa na mtu asiyekula kama hakuna aliyechinjwa.

Kelele zikamtoa dada chumbani. Nikajaribu kuokoa jahazi. "Dada, nyama yako imefika. Hajafa mtu."

Akainama akaiangalia. "Imetoka kwa nani?"

Sio imetoka wapi. Kwa nani. Nikamwangalia mama, nikamwangalia dada. Kila mmoja kauliza "nani" kwa uso uleule, mikono kiunoni vilevile. Kama mtu na kioo chake.

Mzee Hamadi akakohoa. Yeye sio sheikh, lakini huwa anawaswalisha wenzake pale hotelini wanapofikia, kwa hiyo maneno yake yana uzito.

"Mimi si mwanachuoni, Bi mkubwa. Lakini tulivyosomeshwa sisi, ukimkata mnyama yu hai, kile ulichokikata ni mfu. Hakiliwi. Sasa kama hizo seli zimetoka kwa ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa kwa bismillahi, hapo pana maneno. Huenda pana njia. Nitawauliza waliosoma. Muhimu mjue huyo ng'ombe alikuwa hai au alikwisha kuchinjwa."

Mama akamgeukia dada. "Na wewe unatakaje?"

Ndiyo mara ya kwanza kumuuliza, sijui kama mwenyewe aligundua.

Dada akasema, "Kama alichinjwa ili zitolewe, sili."

Brayo akapiga paja. "Manze! Kwa hivyo huyu ng'ombe anatakikana awe amechinjwa, na pia awe hajachinjwa?"

"Nyamaza we Brayo," mama akasema. Lakini Brayo alikuwa amelenga penyewe. Ng'ombe mmoja, wateja wawili, na oda zinapingana.

Tukaamua kupiga simu maabara. Anko Shebe akampigia binti mmoja wa pale anaitwa Lin, akaweka spika, simu akampa Nasra atafsiri. Kumbukeni Kichina cha Anko Shebe ni cha bei tu. Ghali, punguza, hakuna, twende. Ukimtoa hapo anaona giza. Kwa hiyo ndani ya sebule ile watu waliokuwa wanaelewa kila kitu ni wawili. Dada na mimi.

Dada akaanza na la kwake: hizo seli zinalishwa nini? Lin akajibu kwamba zamani zilikuwa zinalishwa majimaji ya damu ya ndama ambaye hajazaliwa, ila wao wameacha, siku hizi wanatumia sukari na chumvi na vitu vya mimea. Dada akatafsiri yote. Aliposema "damu" mama akasema astaghfirullah, aliposema "wameacha" mama akasema wameacha lini. Tukawa na walaji wawili wenye mashaka kwa kitu kimoja, kila mmoja na sababu zake.

Halafu likaja la mama. Ng'ombe alichinjwa au yuko hai?

Lin akafurahi kuulizwa. Akasema yuko hai kabisa! Alichomwa sindano, kikatoka kinyama kidogo kama punje, akarudi kula majani yake. Yuko shambani, wana jina wanalomwita, akasema subirini nawatumia picha.

Dada akaishusha simu.

Watu wote wanamwangalia mdomoni. Mama ameshika ubao wa kukatia, ameusahau mkononi.

Wakuu, fanyeni hesabu pamoja nami. Dada akisema tu, "Anasema alichinjwa, tena na Mwislamu," kwisha. Mzee Hamadi anasema pana njia. Mama anapika. Dada anakula kwa raha zake maana yeye anajua ng'ombe yuko hai anatafuna. Sinia moja. Mama analala na amani, dada anapanda ndege ameshiba, na mimi niliyeyapanga yote siwezi kusema kitu. Uongo wa sentensi moja. Hakuna ambaye angejua mpaka kiama, ila ndiyo hivyo, na kiama kipo.

Mimi nilishaamua. Nikafungua mdomo, "Anasema..."

Dada akanikanyaga mguu. Kwa kisigino.

"Anasema yuko hai, mama. Walimchoma sindano tu. Kwa alivyosema Mzee Hamadi, hii siyo yako."

Kwenye simu Lin anasema "wei? wei?", yaani haloo, haloo, kama anaongea na wafu. Picha ikaingia. Ng'ombe mweusi ana doa jeupe, anatuangalia kama sisi ndio tunachelewesha foleni.

Mama akauliza polepole, "Na kwako wewe, inafaa?"

"Sijui. Labda. Hajafa mtu. Lakini bado wanamweka pale kwa ajili yetu, na hakuna aliyemuuliza."

"Ng'ombe aulizwe?"

"Ndiyo hapo ninapokwama, mama."

"Maneno mengi sitaki. Ungekula?"

"Ningeonja."

Mama akakiangalia kile kipande. Halafu akaniambia mimi, "Faraji. Lete kikaango cha dada yako."

Nikadhani nimesikia vibaya. Huyu ni mama anayerudia kuosha sahani mara tatu kama mgeni kaitilia shaka. Mzee Hamadi akainua macho. Anko Shebe akaacha kutafuna toothpick.

Dada akasema, "Mama. Utapikaje kitu usichoweza kuonja?"

"Chumvi nitakisia."

Nisikilizeni. Mama hajawahi kukisia chumvi maishani mwake. Ameshawahi kumwaga sufuria nzima ya mchuzi wa watu kwa sababu mkono ulizidi kidogo. Pale sikuwa na utani wowote, na mnanijua.

Dada akafunika kiboksi. Akakaa kwenye stuli, macho yamejaa, lakini sauti iko sawa.

"Ile siku ya supu hukuniambia. Leo mimi ningekufanyia vilevile. Umeona ilivyo rahisi? Faraji alishafungua mdomo."

Asante sana dada kwa kunitaja mbele ya mahakama.

Mama akanitazama. Kisha akamtazama yeye kwa muda mrefu. "Kumbe ungeniweza."

"Ningekuweza vizuri tu."

"Hm." Akavuta stuli ya pili. Akakaa. Mama hakai jikoni kukiwa na wateja, wakuu, sijawahi kuona. "Haya niambie. Pilau isiyo na supu unaianzia wapi?"

Na dada akamwambia. Vitunguu vikaangwe kwa mafuta ya kawaida mpaka viwe vyeusi zaidi ya unavyovipenda. Viazi. Viungo vichemshwe peke yake, yale maji ndiyo yawe supu. Mama anafuata kila hatua huku anatoa maoni ambayo hakuombwa. "Hayo ni maji ya kuoshea viungo." "Hiyo rangi unaijua au unaikisia?" Lakini mkono unafanya anachoambiwa.

Wateja wakala pilau yao ya kawaida, ilikuwa imeshaiva. Baadaye likaja sinia dogo, tukakaa mama, dada na mimi. Mama akamega tonge la kwanza. Akatafuna. Tunamsubiri kama matokeo ya mtihani wa taifa.

"Sio baya," akasema. Akameza. "Kwa mgonjwa."

Dada akacheka mpaka wali ukampalia. Na mama, mnayemwona kama alitukana, alikula sinia lile mpaka chini, akakomba na ukoko.

Nyama mnaiulizia? Aliichukua Brayo. "Mathe, ng'ombe ako hai na mimi niko hai, sasa shida iko wapi?" Akaenda kuikaanga alikofikia, na pilipili nyingi. Kesho yake akanitumia voice note: iko sawa, inakaa ka soseji ya shule. Anko Shebe akampelekea laoban ripoti kwamba Waafrika wote walioionja wameipenda. Na sio uongo. Wote mmoja.

Jumapili tukampeleka dada airport. Mama kambebesha hotpot ya chakula, na kabla hata dada hajauliza, akaanza kumtajia kilichomo mpaka aina ya mafuta, watu wa foleni wanatuangalia. Dada akamsikiliza mpaka mwisho. Hakuifungua kukagua. Akaiweka kwenye begi la mkononi.

Nilichojifunza mimi? Kwanza, usitangaze nyama kwa mama wa Kiislamu kwa kusema hajachinja mtu. Pili, nilidhani ugomvi wao ni wa nyama, na nyama ilipopatikana isiyo na kosa lolote ndiyo ikaonekana haihusiki. Bado sijui kama ile nyama ni sawa au sio sawa. Dada mwenyewe hajui, na yeye ndiye aliyeacha mpaka asali. Mzee Hamadi anasema aliowauliza wamemjibu tofauti tofauti.

Wajuzi wa dini na wale wenzangu na dada msiokula vya wanyama, shukeni hapo chini mtufundishe, matusi kila mtu ajiwekee mfukoni.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, jibu moja tu, bila kujifanya malaika: ungekuwa ndiyo umeshika ile simu, mama yako anakuangalia mdomoni, ungetafsiri nini?